Ukali Tunaowadai North Melbourne

Kila timu yangu inapofungwa, na imekuwa ikifungwa kwa miaka mingi sasa, kuna sauti moja ambayo huingoja kutoka safu za nyuma yangu kabla robo ya tatu haijaisha. Ni sauti ya mtu mzima aliyevaa skafu ya buluu na nyeupe iliyochakaa, anayewasihi wachezaji wetu wamgonge mtu. Hasemi ni nani agongwe. Yeyote aliyevaa jezi ya wapinzani atafaa. Nilipoisikia kwa mara ya kwanza nilidhani ni ulevi. Baada ya misimu kadhaa nimejikuta nami nikiitamka, kwa Kiswahili, nikishukuru kwamba waliokaa karibu yangu hawanielewi.

Timu yenyewe ni North Melbourne, inayocheza mpira wa miguu wa Kiaustralia, na aliyenitia katika mkosi huu ni mzee jirani yangu, ambaye niliwasili kutoka Tanga na kumkuta akiwa shabiki wake tangu utotoni. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, inatosha kusema kwamba wachezaji 18 kwa kila upande hugombania mpira wenye umbo la yai katika uwanja wa duara refu, na kila mwisho wa uwanja una nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili za kati huleta pointi 6, na ukipita pembeni yake huleta pointi 1. Hakuna kuotea. Mwenye mpira anaweza kukamatwa na kubwagwa chini, mradi mikono ya anayemkamata iwe chini ya mabega na juu ya magoti, na asiye na mpira anaweza kukumbwa kwa bega akiwa karibu nao. Kwa hiyo mabavu ni sehemu halali ya mchezo, na ndiyo maana shabiki anayeyadai hajioni kuwa anadai jambo la ajabu.

Kuhusu hali yetu sitasema mengi, kwa sababu inauma. Tulishika mkia mwaka 2021 na tukaushika tena 2022. Mwaka 2023 tulishinda michezo miwili ya mwanzo, tukaanza kununua tiketi kwa furaha, kisha tukapoteza michezo 20 mfululizo kabla ya kushinda wa mwisho. Mwaka 2024 tulishinda mitatu tu. Katikati ya hayo, kijana tuliyemchagua wa kwanza kabisa kati ya chipukizi wote wa mwaka 2021, Jason Horne-Francis, alikaa nasi msimu mmoja akaomba kuondoka. Shabiki aliyepitia hayo yote hadai tena ubingwa. Anachodai ni ishara kwamba walioko uwanjani wanaumia kama yeye.

Hapo ndipo ninapoamini kwamba Kiswahili chetu kimeona jambo ambalo wenzangu wa safu za nyuma hawajalipatia neno. Nyumbani, Simba au Yanga ikifungwa, shabiki hasemi wachezaji hawana ukali. Husema hawana uchungu na timu. Ni lawama nzito zaidi. Ukali mtu anaweza kuuigiza kwa dakika mbili kwa kumvuta mpinzani kola mbele ya kamera, lakini uchungu hauigizwi, kwa sababu unaonekana mtu anapokimbia mita 60 kurudi nyuma kuziba nafasi ambayo si yake, katika mchezo ambao umekwisha kupotea. Tunaposema tunataka ukali, nadhani tunadai uchungu, ila tumezoea kuupima kwa ngumi.

Klabu yetu ina sababu ya pekee ya kuchanganya mambo hayo mawili. Jina la zamani la utani la watu wa North Melbourne linatokana na muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti. Wengine husimulia kwamba wauza nyama wa mtaa huo walikuwa wakitundika miundi ya ng'ombe iliyopambwa kwa rangi za timu, na wengine husema kwamba wachezaji wa kale walikuwa na desturi ya kuilenga miundi ya wapinzani wao. Mzee jirani yangu hushikilia maelezo ya pili, kwa fahari. Klabu iliyoingia ligi kuu mwaka 1925 ikasubiri ubingwa wake wa kwanza hadi 1975 ilihitaji kitu cha kujivunia katika miaka hiyo 50, na kitu hicho kikawa ugumu: kwamba huenda ukatushinda, lakini utarudi kwenu ukichechemea. Mabingwa wetu wa 1996 na 1999 waliirithi sifa hiyo, na Glenn Archer, beki ambaye klabu ilimtangaza kuwa mfano bora wa moyo huo kwa karne nzima, hadi leo hutajwa uwanjani kila kijana wetu anaposita kuuendea mpira wa juu.

Sasa nieleze kwa nini ngumi haitatuokoa, na sihitaji kwenda mbali, kwa sababu ushahidi umebebwa na kocha wetu mwenyewe, Alastair Clarkson, aliyeichukua timu kuanzia msimu wa 2023.

Clarkson alikuwa mchezaji wa North Melbourne, mdogo wa umbo na mwepesi wa hasira. Mwaka 1987 timu ilipelekwa London kucheza mechi ya maonyesho dhidi ya Carlton katika uwanja wa kriketi wa The Oval. Mechi hiyo, iliyokusudiwa kuwavutia Waingereza wauone mchezo, iligeuka kuwa vurugu, na Clarkson alimpiga Ian Aitken wa Carlton akamvunja taya, akafungiwa michezo minne. Miaka 17 baadaye alipewa kazi ya kuifundisha Hawthorn, na hali aliyoikuta huko ni somo kamili kwa yeyote anayedai tunachodai sisi leo.

Mwaka huo wa 2004 Hawthorn ilikuwa timu dhaifu iliyochoka kuonewa. Ilikutana na Essendon katika MCG, uwanja mkubwa wa jijini Melbourne, na Dermott Brereton, shujaa wa zamani wa klabu aliyejulikana kwa mabavu yake, aliwahimiza wachezaji wachore mstari mchangani, asiyetaka kuumia asiuvuke. Katika nusu ya pili zilizuka ngumi uwanja mzima. Mashabiki wa Hawthorn walisimama na kushangilia, na hadi leo wapo wanaoutaja mchezo huo kana kwamba ulikuwa ushindi. Ukweli ni kwamba Hawthorn ilifungwa kwa tofauti ya pointi 74, wachezaji wake wakafungiwa, na timu ikamaliza msimu katika nafasi ya 15 kati ya timu 16. Mstari ulichorwa, na Essendon waliupita wakielekea golini.

Miaka minne baadaye Hawthorn hiyohiyo, chini ya Clarkson, ilitwaa ubingwa wa 2008 kwa kuishinda Geelong, ambayo ilikuwa imepoteza mchezo mmoja tu katika msimu wa kawaida. Kikosi hicho kilisifika kwa mchezo usio na adabu ya kijamii, kama walivyouita, na mashabiki wengi hudhani kwamba ubabe ndio ulioleta kombe. Sikubaliani. Kilichoisumbua ligi mwaka ule kilikuwa mpangilio: wachezaji wa Hawthorn walijitandaza katika maeneo kama wavuvi waliotandaza juya, badala ya kila mmoja kumfuata mtu wake, hivi kwamba mpinzani aliyeinua kichwa kutafuta wa kumpasia aliona jezi za kahawia na njano kila upande. Katika fainali hiyo, mabeki wao walipobanwa waliutoa mpira kwa makusudi kupitia nguzo zao wenyewe, wakikubali kutoa pointi 1 ili kukwepa 6, na walifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba ligi ilibadilisha sheria mwaka uliofuata. Hayo ni mahesabu ya watu wenye akili tulivu. Ugumu wao ulikuwapo, lakini ulikuja juu ya mpangilio, kama chumvi inavyokuja juu ya chakula ambacho kimeshapikwa.

Wapo watakaonikumbusha fainali ya 1989, ambapo Mark Yeates wa Geelong alimkumba Brereton mara tu mpira ulipoanza, akamwacha ameinama kwa maumivu. Ni kweli, na picha zake ni za kutisha. Lakini Brereton aliinuka akafunga goli katika robo hiyohiyo, na robo ilipomalizika Hawthorn walikuwa wanaongoza kwa pointi 40. Geelong walipoacha kuwinda watu wakaanza kuucheza mpira walirudi kwa nguvu, wakapoteza kwa pointi 6 tu. Mimi huisoma mechi hiyo kama robo moja iliyotupwa.

Kwa hiyo, timu inayofungwa kila wiki hukosa nini hasa, mpaka mtu wa nyuma yangu aone kwamba haina makali? Nimejifunza kutoutazama mpira na kuwatazama walio mbali nao. Timu kali humfikia mwenye mpira wakiwa watatu: wa kwanza anamkamata, wa pili anaziba pasi ya karibu, wa tatu anasubiri mpira utakapodondoka. Katika siku mbaya za timu yetu anayemfikia ni mmoja tu, amechelewa nusu hatua, na huyo mmoja akikwepwa uwanja mzima unabaki wazi. Kutoka jukwaani kuchelewa kule kunaonekana kama woga. Mara nyingi si woga. Ni kutokuwa na uhakika kama mwenzako naye anakuja. Hata idadi ya kukamata wapinzani, ambayo watangazaji hupenda kuisoma, hudanganya, kwa sababu timu isiyo na mpira ndiyo yenye nafasi nyingi zaidi za kukamata.

Halafu kuna suala la miili. Katika ligi hii anayeshika mkia huchagua chipukizi kabla ya wengine, hivyo timu mbovu hujaa vijana kwa utaratibu uleule unaokusudiwa kuisaidia. Harry Sheezel na George Wardlaw, tuliowachagua wa tatu na wa nne mwaka 2022, walitoka shuleni wakatakiwa kubanana na wanaume wa miaka 28 waliojenga mabega kwa misimu kumi. Wardlaw, kwa kweli, huurukia mpira kana kwamba hana mifupa, nami huwa nafumba macho. Kumwambia kijana kama huyo aongeze ukali ni kumwambia aongeze hatari kwa mwili wake, na wa kuuguza jeraha ni yeye.

Sheria nazo zimebadilika, na kwa haki. Baada ya kufariki kwa Danny Frawley mwaka 2019 na Shane Tuck mwaka 2020, uchunguzi ulionyesha kwamba ubongo wa kila mmoja wao ulikuwa umeharibika kwa ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Tangu 2021 mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo hukaa nje kwa siku zisizopungua 12. Angus Brayshaw wa Melbourne alilazimika kustaafu mapema mwaka 2024 kwa ajili ya afya ya ubongo wake. Zaidi ya hayo, anayemchezea vibaya mtu aliyekwisha kuudaka mpira humzawadia mita 50 mbele, na mita 50 mara nyingi ni goli. Hasira hulipiwa papo hapo, kwa pointi.

Nimemweleza mzee jirani yangu yote haya, tukiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani baada ya kipigo kingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akanikumbusha mwezi Machi 2024, katika mechi ya kirafiki kabla ya msimu, nahodha wetu wa wakati huo Jy Simpkin alipokumbwa kichwani na Jimmy Webster wa St Kilda akapata mtikisiko wa ubongo. Webster alifungiwa michezo saba. Clarkson aliwafuata wachezaji wa St Kilda kwa matusi, akatozwa faini ya dola 20,000 na kuomba radhi. Nilimwambia kwamba matusi yale yalikuwa ya aibu, na kwamba adhabu ya Webster ilikuwa imetolewa na wanaohusika, hivyo hakuna deni lililobaki.

Mzee akakunja skafu yake taratibu, akaiweka mfukoni, akaniuliza kama St Kilda tunacheza nao tena lini.