Nimeshuka mgodini Springhill

Jumamosi nimeendesha gari kama saa mbili kutoka Halifax hadi Springhill, kamji kadogo huku Nova Scotia, Canada. Makumbusho yao yanakushusha ndani ya mgodi halisi wa makaa ya mawe. Kofia ngumu kichwani, buti miguuni, na baridi ile ya chini inayoingia hadi kwenye mifupa. Wakizima taa hata kiganja chako hukioni.

Mji huu umezika watu jamani. Mwaka 1891 mlipuko uliua 125, wakiwemo watoto waliofanya kazi humo. Mwaka 1956 mlipuko mwingine, 39. Halafu Oktoba 23, 1958, mwamba ukatikisika na njia za chini zikabanwa. Wanaume 174 walikuwa ndani, 75 wakafa.

Lakini nimerudi na Maurice Ruddick kichwani. Mchimbaji mweusi, mwaka huo wa 1958 alinaswa humo zaidi ya siku nane na wenzake, akiwaimbia ili wasikate tamaa. Walipookolewa, gavana wa Georgia, Marekani, akawaalika manusura wakapumzike ufukweni. Kusikia mmoja ni mweusi, gavana akataka Ruddick akae peke yake. Ruddick alikubali ili wenzake wasikose safari, akalazwa kwenye trela. Mimi nisingekwenda, nasema ukweli.

Mgodi ule wa maafa ya 1958 ulifungwa baada ya hapo. Siku hizi yale mashimo yamejaa maji ya uvuguvugu, na watu wanayatumia kupashia majengo joto.

Bado nina vumbi kwenye viatu.