Shemeji yangu na nyumba za nyasi za Japani

"Nimetoka Lushoto, nimelala kwenye ndege usiku kucha, halafu unipeleke kijijini nikaangalie nyumba za nyasi?"

Shemeji yangu alinijibu hivyo mbele ya watu, na meza nzima ikacheka. Alikuwa amekuja Nagoya, huku Japani, kwa mafunzo mafupi, ofisi yao imelipa kila kitu, akabakiwa na Jumamosi na Jumapili mkononi. Mimi nilishampangia safari ya Shirakawa-go, bonde lenye hizo nyumba za nyasi, hadi ruhusa kiwandani nimeomba. Yeye alitaka Tokyo, akapige picha pale Shibuya watu wanapovuka barabara. Basi akaenda. Nauli ya shinkansen, treni ya mwendo kasi, kutoka Nagoya, kwenda tu, inapita yen 10,000. Zidisha kwa kumi na saba hivi upate shilingi, kisha kumbuka kuna kurudi. Akarudi na video ya watu wanavuka barabara. "Watu wengi kule, shem!" Sasa huyu Kariakoo huwa anapita na macho yamefungwa?

Nimekasirika, sitaficha. Na kwa kuwa kila anayenitumia ujumbe kuhusu Japani anauliza Tokyo, Tokyo, leo naandika habari za mashamba na milima, atakayesoma asome.

Tuanze na hizo nyasi zenyewe. Kijiji kinaitwa Ogimachi, kiko bonde la Shirakawa, mkoa wa Gifu, kama saa tatu kwa basi kutoka Nagoya. Nyumba ni za mbao, ghorofa mbili tatu chini ya paa moja, na paa lenyewe la nyasi nene limesimama karibu nyuzi 60 ili theluji iteleze. Theluji ya kule si ya kupigia picha tu, inafika kifuani. Mbao za paa hazikupigiliwa misumari, zimefungwa kwa kamba na fito. Zamani wenyewe walikuwa wanaishi chini, na juu darini wanafuga viwavi wa hariri. Mwaka 1995 UNESCO wakakiingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na vijiji viwili vya Gokayama, upande wa Toyama.

Kilichoniuma kwenye kauli ya shemeji ni kwamba naielewa. Kwetu ukipata hela ya kwanza ya maana, unashusha nyasi unapandisha bati. Mwenye nyasi ni yule ambaye watoto wake hawajamkumbuka. Mimi mwenyewe hela yangu ya kwanza kutoka huku ilikwenda kwenye bati la bibi, na sijutii, maana bibi alikuwa anahamisha kitanda kila mvua ikinyesha. Lakini nenda Ogimachi uone jinsi paa la nyasi linavyotunzwa na watu ambao hela ya bati wanayo. Zamu ya nyumba ikifika, kijiji kinaitana. Watu mia na zaidi wanapanda paani wamejipanga mistari, wengine chini wanafunga mafungu ya nyasi, akina mama jikoni, na upande mmoja wa paa unaisha ndani ya siku moja au mbili. Msaragambo mtupu. Paa likishawekwa linakaa miaka 30 au zaidi. Moto ndio adui, kwa hiyo kila vuli wanafungulia mizinga ya maji kwa majaribio, na kijiji chote kinafunikwa na maji yanayoruka juu.

Na ukitaka kulala mle ndani, jiandae na zaidi ya yen 10,000 kwa kichwa, chakula cha jioni na asubuhi kikiwemo, choo cha kuchangia, ukuta wa karatasi ambao mgeni wa chumba cha pili akikohoa unamwambia pole. Kwa hela hiyo Lushoto unalala wapi? Msinijibu, najua. Lakini lipa. Mchana Shirakawa-go ni mabasi ya watalii na foleni ya aiskrimu. Jioni mabasi yakishaondoka, kijiji kinarudi kwa wenyewe, na ndipo utakapojua ulichokifuata. Kama huwezi kelele kabisa, pita Shirakawa-go, nenda Ainokura kule Gokayama. Ni kidogo, kimetulia, na kina historia kali: chini ya sakafu za nyumba hizi za upole walikuwa wanatengeneza malighafi ya baruti kwa ajili ya bwana mkubwa wa himaya ya zamani ya Kaga. Mlima ulikuwa unawafichia siri.

Safari ninayoipenda kuliko zote lakini ni ya bei rahisi zaidi. Treni ya kawaida kutoka Nagoya hadi Nakatsugawa haifiki yen 1,500, kisha basi dogo hadi Magome. Hapo unakanyaga Nakasendo, barabara ya zamani ya miguu iliyounganisha Kyoto na Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, yenye vituo 69 vya kulala wasafiri. Kati ya Magome na Tsumago ni kilomita 8 hivi za msitu, vijito na vijumba. Anzia Magome, ukifanya kinyume utapanda zaidi. Njiani kuna kengele kubwa zimetundikwa, unavuta kamba unapiga ili dubu ajue unapita. Msizichekelee. Mwaka 2025 dubu waliua watu Japani kuliko mwaka wowote uliowekwa kwenye kumbukumbu. Piga kengele kwa nguvu zote, hata kama una aibu.

Katikati ya njia hiyo kuna nyumba ya chai, ya zamani, moshi umeipaka weusi dari yote. Wanaojitolea wanakupa chai bila bei. Mzee aliyekuwepo siku niliyopita mara ya kwanza aliniuliza natoka nchi gani. Nikasema Tanzania. Akafikiri kidogo, akasema, "Kirimanjaro!" Wajapani wengi wanaijua Kilimanjaro kwa kahawa kabla hawajaijua kwa mlima. Akaniongezea chai, akanisogezea kiti karibu na moto, akaanza kuniuliza kahawa inachumwa mwezi gani na mkulima analipwaje. Mwenzenu nimezoea treni ya asubuhi ya mjini ambako kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu watu wamesimama. Sikutegemea swali la mkulima analipwaje. Nilimjibu kwa Kijapani changu cha kiwandani, na alielewa, kwa sababu alitikisa kichwa kwa masikitiko mahali panapostahili.

Tsumago penyewe utapakuta pamekaa kama palivyokuwa enzi za wasafiri wa miguu, nguzo za umeme zimefichwa, magari hayapiti barabara kuu mchana. Haikutokea yenyewe. Mwaka 1971 wakazi walikubaliana kwa maandishi: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Nikisoma habari za viwanja vya pwani yetu, nawakumbuka. Kula pale gohei mochi, wali uliopondwa, umechomwa kwenye kijiti na kupakwa mchuzi mtamu wa soya na kokwa za walnut. Na kuhusu wali: kilo 5 za mchele zilivuka yen 4,000 mwaka 2025. Mtu wa Kyela akae kitako kabla hajapiga hesabu.

Gujo Hachiman, bado tuko Gifu, nendeni kwa ajili ya maji. Mji una mifereji kila kichochoro, maji ya mlimani unayaona hadi kokoto. Kuna masinki ya mawe na mbao yaliyopangwa ngazi kwa ngazi: la juu ni la kunywa, linalofuata la kuoshea matunda na mboga, linalofuata la vyombo, na makombo yanakwenda kwa samaki. Kila mmoja anajua ngazi yake na hakuna mlinzi. Kuanzia Julai hadi mwanzo wa Septemba wanacheza ngoma yao barabarani, zaidi ya usiku 30, na kati ya tarehe 13 na 16 Agosti wanacheza mpaka alfajiri. Hakuna kiingilio wala jukwaa, kila aliyefika anaingia kwenye duara. Viatu vya mbao vinapiga lami, ka-ka-ka, bibi wa miaka themanini anakukamata mkono anakuonyesha pa kuweka mguu. Mimi mtoto wa mdumange hapo sihitaji kuonyeshwa mara mbili.

Karibu na hapo kuna Gero, mji wa maji ya moto. Hapa Waswahili tuna tatizo: bafu la pamoja ni uchi, wanaume kwao, wanawake kwao, na hakuna cha taulo majini. Mwenye michoro mwilini bafu nyingi zitamkataa. Anayeona haya aulize bafu la faragha la kukodi kwa saa, yapo. Au avue soksi tu atie miguu kwenye vidimbwi vya bure vya maji ya moto vilivyoko mtaani. Na mnaokwepa nguruwe, semeni wakati wa kuweka nafasi, si jioni mmeshakaa mezani. Ombeni samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, hamtalala njaa.

Mbali zaidi? Bonde la Iya, kisiwa cha Shikoku, lina daraja la mimea itambaayo, urefu mita 45, chini mto uko mita 14, na wanalisuka upya kila miaka mitatu. Nyaya za chuma zimefichwa ndani, kwa hiyo hutakufa, ila roho yako haitaamini. Ine, kwenye pwani ya mkoa wa Kyoto, nyumba karibu 230 zimesimama ukingoni mwa bahari, chini mashua, juu watu wamelala. Peninsula ya Noto ilikuwa na mashamba ya mpunga ya ngazi zaidi ya 1,000 yanayoshuka hadi baharini. Tetemeko la tarehe 1 Januari 2024 liliyapasua, na wenyewe wanayarudisha kidogo kidogo. Kanunueni vitu kule, wanahitaji wateja.

Sasa usafiri, maana hapa ndipo wanapotupiga. Mtalii wa siku chache ananunua pasi ya treni ya nchi nzima. Ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000 Oktoba 2023. Mimi ninayelipa kodi, bima na pensheni humu ndani, mgeni mwenye kitambulisho cha ukaazi, siruhusiwi kuigusa. Shemeji aliyekuja kushangaa Shibuya anaruhusiwa. Tulioko huku tunasubiri tiketi ya msimu ya treni za polepole, Seishun 18, ambayo nayo wameibana, siku lazima zifuatane: tatu kwa yen 10,000, tano kwa 12,050.

Mabasi ya kijijini ni machache kwa siku. Ukikosa la jioni, umelala. Unapanda mlango wa nyuma, unachukua kikaratasi chenye namba, unatazama bei mbele kwenye kioo, unalipa ukishuka. Mashine haichenji noti ya 10,000, kwa hiyo tembea na sarafu. Sarafu zitakufaa pia kwenye vibanda vya mboga visivyo na muuzaji: fungu la nyanya, kopo la bati, tia yen 100 yako, chukua, nenda. Ukingoni mwa kila shamba utaona kirikuu nyeupe imeegeshwa, na utaijua, maana ikishachoka hapo ndiyo inayokuja kubeba maji na magodoro Mbagala.

Mtu atauliza, mbona vijijini huko huoni vijana? Hawapo. Kule Iya kuna kijiji kinaitwa Nagoro ambako mama mmoja alishona vikaragosi vya ukubwa wa watu kuziba nafasi za waliokufa na waliohama, na sasa vikaragosi ni vingi kuliko wakazi. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba milioni 9 nchini hazina watu. Ndiyo maana kila mwezi mtu ananitumia ile video ya "Japani wanagawa nyumba bure". Wapo wanaouza kwa bei ya pikipiki, kweli. Lakini kununua nyumba hakukupi hata siku moja ya ukaazi. Utamiliki nyumba Japani ukiwa Tandika, na barua ya kodi ya jengo itakutafuta hukohuko.

Kijiji cha kutembelea nacho si kijiji cha kufanyia kazi. Visa ya ujuzi maalumu iliyoanza 2019 inahusu kilimo pia, na haipiti kwa wakala anayetaka milioni zako kupitia simu. Inapita kwenye mtihani wa lugha na mtihani wa fani. Kijana mmoja wa nyumbani ameniandikia juzi kwamba ana hela tayari, nimtafutie shamba na mke wa Kijapani. Nimemwambia aanze na herufi za hiragana, zipo 46, akizimaliza anipigie. Bado sijapigiwa.