Sentimita tatu zilizokosa pa kwenda

Ilikuwa Januari 2018, mvua imeshika, mtaa wa Golf, Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo. Tuliitwa kuangalia sakafu ya mbao, parke kama tunavyosema hapa, iliyokuwa imepigwa Oktoba, miezi mitatu tu nyuma. Sebule ilikuwa ya mita 6 kwa 4.5. Karibu na dirisha la bustanini mbao zilikuwa zimenyanyuka sm 6 kutoka chini, mgongo mmoja mrefu kama paa dogo, na misumari imeng'oka pamoja nazo. Upande wa pili wa chumba hakuna kilichonyanyuka, lakini ukipitisha kiganja unasikia kila ubao umekuwa kama kisahani: kingo mbili juu, katikati chini, karibu mm 1.

Mbao zenyewe zilikuwa nzuri. Mulombwa, mti ambao Watanzania wanauita mninga, unene mm 20, upana mm 90, ulimi upande mmoja na mfuo wa kuupokea upande wa pili. Katika miti ya miombo inayotuzunguka, mulombwa ni kati ya ile inayocheza kidogo sana ikilowa au ikikauka. Ndiyo maana mwenye nyumba alichanganyikiwa: alilipia mti bora, akaletewa mti bora, na bado sakafu ikasimama. Alikuwa ameambiwa kwamba mbao zilipigwa mbichi. Haikuwa hivyo. Zilipigwa zikiwa zimekauka sana, na hilo lilikuwa nusu ya tatizo.

Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na mwaka wake umekatika vipande viwili. Tangu Mei hadi Septemba mvua ni ya kusikia kwa wengine. Kufika Septemba hewa imekauka mpaka midomo inapasuka. Novemba mvua inashika, na Januari nguo ulizofua zinalala kambani siku mbili. Mbao inafuata hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, mbao inatulia kwenye maji ya asilimia 7 na nusu hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikipanda asilimia 75, mbao nayo inapanda hadi 14. Vanishi haizuii jambo hili, inalichelewesha tu.

Mwenye nyumba alikuwa ameweka kabatini mbao chache zilizobaki Oktoba, zimefungwa kwenye plastiki yao. Tukapima mmoja kwa kalipa: upana mm 90.0. Tukapima ule wa sakafuni: mm 90.6. Sehemu sita za kumi za milimita ni kitu cha kupuuza, mpaka uzidishe. Chumba kilikuwa na safu 50. Mara 0.6, ni mm 30. Sentimita tatu za mti zilikuwa zinatafuta pa kwenda.

Tulipong'oa ubao mwembamba wa ukutani tukaona kwa nini zilikwenda juu. Mafundi wa kwanza walikuwa wameacha mwanya, tena wa haki, mm 15 kila upande. Lakini mwanya ulikuwa umejazwa saruji. Aliyekuja baadaye kurekebisha lipu aliona ufa kati ya mbao na ukuta, akauziba kwa nia njema kabisa. Makosa mengi ya parke mjini kwetu yanazaliwa hapo: fundi wa mbao anaondoka, fundi wa ukuta anaingia, na hakuna aliyemwambia kwamba lile pengo ni sehemu ya kazi kama msumari ulivyo.

Mama mwenye nyumba alikuwa na wageni wa harusi mwezi ule. "Papa fundi, mulete ile mashini ya msasa, mulaze hizi mbao leo leo," akasema. "Zile za dirishani mutazipigilia tena."

Za dirishani hazikuwa na mjadala. Kupigilia mbao iliyokosa nafasi ni kuisogeza ikapande mahali pengine. Swali gumu lilikuwa zile za kisahani, maana huko msasa ungeonekana kufanikiwa. Ungekula kingo zilizoinuka, sakafu ikawa kama kioo, harusi ikapita. Lakini ubao unakuwa kisahani kwa sababu tumbo lake, yaani upande wa chini, lina maji mengi kuliko uso wake. Tumbo linavimba, uso unabaki, kingo zinapinda kwenda juu. Ukikata kingo wakati huo, umekata mti ambao utahitajika baadaye. Kiangazi kikifika, tumbo linakauka, kingo zinashuka mahali pake pa zamani, na kwa kuwa zimeshapunguzwa, zinashuka chini kuliko katikati. Kila ubao unabaki na nundu. Kutoka hapo ni kuparuza chumba chote upya, na mbao ya mm 20 yenye ulimi ina kama mm 6 tu za kuparuza juu ya ulimi katika maisha yake yote.

"Mama, mutuvumilie," tukamwambia. "Tupime kwanza chini."

Kipima unyevu cha sindano kilitoa 12 juu ya ubao na 17 chini yake. Sindano hizo zinasoma umeme unaopita kwenye mti, na namba inabadilika kulingana na aina ya mti, kwa hiyo hatukuishia hapo. Tulikata kipande kidogo upande wa tumbo, tukakipima kwenye mizani ya gramu: 58.5. Kikaingia kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzi 103, tukawa tunakitoa na kukipima kila baada ya saa mpaka uzito ukakoma kushuka: gramu 50. Maji yaliyotoka ni gramu 8.5, ugawe kwa 50, ni asilimia 17. Njia hii inachukua karibu siku nzima na haihitaji kifaa cha bei. Tunaipendelea kila mara kunapokuwa na ubishi, kwa sababu mwenye nyumba anaona mizani kwa macho yake.

Baada ya hapo tukafungua safu tano na kufika kwenye zege. Tukabandika kipande cha plastiki angavu, sm 60 kwa 60, kingo zote zimezibwa kwa utepe, tukakiacha saa 24. Asubuhi kilikuwa na matone kwa ndani na zege chini yake imekuwa nyeusi. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya siku za Wabelgiji, na chini ya zege hiyo hapakuwa na tabaka la kuzuia maji. Mulombwa ilikuwa juu ya boriti ndogo, boriti juu ya zege tupu. Kwa nje, kwenye ukuta uleule wa dirisha, udongo wa maua ulikuwa umepandishwa sm 25 juu ya usawa wa sakafu, na maji ya paa yalikuwa yanaangukia hapohapo kwa kuwa hakukuwa na mfereji wa kuyapokea. Ukuta ulikuwa unakunywa, zege inapokea, mbao inamalizia.

Harusi ilifanyika kwa jamaa. Mama alikubali kazi ifunguliwe yote, na tunamheshimu hadi leo kwa uamuzi ule, kwa sababu gharama ilikuwa yake.

Kung'oa parke yenye ulimi kunaanzia upande wenye shida, kwa msumeno wa duara uliowekwa kina cha mm 19 ili usiguse boriti. Ukishatoa safu ya kwanza kwa kuikata, zinazofuata zinainuliwa kwa mtaimbo mwembamba, chini ya msumari, kamwe si katikati ya ubao. Kila ubao tuliuandika namba kwa penseli upande wa tumbo: safu, kisha nafasi. Tulipoteza kama mita mraba 3 kati ya 27, nyingi kwa ndimi zilizovunjika. Zilizobaki zikapangwa chumba cha pili, vijiti vikavu kati ya tabaka na tabaka kila sm 50, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja ili mbao zisipinde, madirisha wazi mchana.

Boriti mbili za ukutani zilikuwa na vichochoro vya udongo vya mchwa. Katanga, eneo letu hili, ambako kichuguu kinaweza kupita mita 5 na udongo wake tunaufyatulia matofali, hili si la kushangaza, ila ni la kushughulikiwa kabla ya kufunika. Boriti zote zikatupwa. Mpya zilipakwa dawa ya boroni kwa brashi, mara mbili, hasa kwenye ncha. Wengi hapa hupaka mafuta machafu ya injini. Nje kwenye nguzo za ua, sawa. Ndani ya nyumba hapana: yanapanda kwenye mbao za juu, yanatia doa, vanishi inakataa kushika, na harufu haiishi.

Tulishusha udongo wa bustani hadi sm 15 chini ya sakafu, fundi wa bati akaweka mfereji, na tukasubiri. Februari plastiki ilitoa matone. Machi pia. Katikati ya Aprili ukungu tu. Wiki ya tatu ya Mei ikatoka kavu.

Mei haikuwa bahati tu. Ukipiga mbao Oktoba zikiwa na asilimia 7 au 8, safari yote ya kuvimba iko mbele yake. Ukizipiga Januari zikiwa na 14, safari yote ya kunywea iko mbele, na Oktoba utaona nyufa kwenye viungo. Mwisho wa Mei mbao zetu chumba cha pili zilisoma 11. Kutoka hapo kwenda Januari ilibaki kama nusu ya uvimbe, mm 15 kwa chumba chote, na tulikuwa na mwanya wa mm 30 kuipokea. Kwenda Oktoba ni mm 15 nyingine za kunywea, zigawanywe kwa viungo 50: mm 0.3 kila kimoja, unene wa karatasi tatu hivi.

Zege ilikuwa na bonde la mm 11 katikati. Tunakubali mm 5 chini ya rula ya mita 3, si zaidi, kwa sababu boriti isiyokaa inacheza, na boriti inayocheza ndiyo inayolia unapopita usiku. Bonde likajazwa, likaachwa likauke. Lami ya maji ikapakwa mara mbili, kisha plastiki ya mm 0.2, vipande vikilaliana sm 20, kingo zikipandishwa ukutani. Boriti 16 za sm 5 kwa 4, kila sm 40 katikati kwa katikati, zikavuka upana wa chumba. Kila moja ilifungwa kwa skrubu nane, maana yake matundu 128 kwenye plastiki tuliyoitandika wenyewe. Kwa hiyo kila tundu lilipata lami kabla skrubu haijaingia. Kazi ya kuchosha magoti, na ni mahali ambapo haraka inafuta yote yaliyotangulia.

Safu ya kwanza ilifuata uzi, si ukuta. Ukuta ule ulikuwa umepinda mm 14 kutoka kona hadi kona. Mulombwa haikubali msumari bila tundu: tulitoboa mm 2 kwenye ulimi, kwa mshazari wa nyuzi 45, ndipo msumari wa mm 50, kichwa kikazamishwa ili mfuo wa ubao unaofuata ukae. Misumari karibu 800. Viungo vya ncha tuliviachanisha sm 30 au zaidi kati ya safu jirani. Mbao za zamani zilisogezwa kidogo ili misumari isirudi kwenye matundu yake ya kwanza.

Sakafu ikaachwa wiki mbili kabla ya msasa. Tulianza na namba 40, kufuata nyuzi za mti, kisha 60, 80, na 120. Adui wa kazi hiyo mjini ni umeme. Ngoma ya mashine ikipungua mwendo huku imegusa mbao, inachimba shimo ambalo vanishi italionyesha jioni taa ikiwaka. Taa ya chumba ikififia, unainua ngoma kwanza, unauliza baadaye. Tulifanya kazi kabla ya saa nne asubuhi, umeme ukiwa na nguvu. Vanishi ilikuwa lita 8, mikono mitatu, yaani ilipakwa mara tatu, na Juni kwa baridi yetu kila mkono ulihitaji siku mbili badala ya moja. Madirisha tuliyafunga, kwa sababu ya vumbi jekundu la kiangazi.

Ubao wa ukutani tuliufunga kwenye ukuta kwa skrubu, si kwenye sakafu, ili sakafu ipite chini yake bila kushikwa. Mama alimwita fundi wa lipu tukiwa bado pale, akamwonyesha ule mwanya kwa kidole.

Oktoba tulipita na karatasi tatu za daftari. Ziliingia kwenye viungo vingi. Tulipoongeza karatasi ya nne, hazikuingia. Januari 2019, mvua ikiwa imepiga wiki nzima, tulifungua skrubu mbili za ubao wa ukutani upande wa dirisha na mbili upande wa pili, tukaingiza rula kwenye mwanya. Mm 7 huku, mm 8 kule. Tukazifunga tena.