Juni, Mwisho wa Mwaka wa Fedha: Siku Yangu na Timu ya Matengenezo ya Mifumo Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Daladala ya Mtumba imejaa, upepo wa Juni unakata. WhatsApp imeshachemka: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na kila mhasibu anataka ripoti yake leo. Siahidi kitu. Wote nawajibu, "Tafadhali fungua tiketi," yaani waandikishe ombi lao kwenye mfumo.

Saa 2:30. Tunasimama mbele ya ubao wa kadi, kila kadi ni kazi moja. Sisi hatujengi mifumo mipya, tunatunza iliyopo: ankara, ghala, mishahara. Juu ya safu ya "Inafanyiwa kazi" kuna 4 kwa wino mwekundu. Kadi ya tano haiingii mpaka moja itoke. Tunaanza na kadi zilizo karibu kuisha, maana huko ndiko kazi hulala.

"Dada, ripoti ya madeni tumeshairekebisha. Mteja hajaijaribu tangu Jumatatu."

Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza: kumpigia mteja, si kufungua kadi nyingine.

Wapo wanaoona kikomo hiki ni uvivu. Asili yake ni viwanda vya Toyota. Mwaka 2004 David Anderson, mtaalamu wa usimamizi wa kazi za programu, alisaidia kukiingiza katika timu ya matengenezo ya Microsoft iliyokuwa Hyderabad, India. Waliacha kukadiria muda wa kila ombi, maana makadirio yenyewe yalikuwa yanakula muda wa kurekebisha, wakapunguza idadi ya kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja. Maombi yaliyokuwa yakichukua kama miezi mitano yakafika kumalizika kwa takriban wiki mbili. Mradi una mwisho, matengenezo hayana. Kuyapangia ratiba ya miezi sita ni kujidanganya, kwa sababu hitilafu ya kesho haijulikani leo.

Saa 5:00. Simu, mama mhasibu wa idara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile safu yangu ya ziada kwenye ripoti vipi?"

Namweleza iko ya tatu kwenye foleni, na kwamba akitaka itangulie, achague ipi kati ya maombi ya idara yake isubiri. Anafikiri kidogo, anaamua kusubiri zamu yake. Mtu akiiona foleni kwa macho yake, mabishano hupungua sana.

Saa 7:00, wali maharage.

Saa 8:15. Mishahara! Benki imerudisha malipo ya baadhi ya watumishi. Hii inapita njia ya dharura, ambayo hubeba kadi moja tu, na wawili wanaacha walichoshika. Tunalinganisha faili lililotoka kwenye mfumo na lililofika benki. Akaunti zilizokataliwa zote zilianza na sifuri, na kwenye faili lililofika benki sifuri hizo hazipo: mtu alifungua faili kwenye Excel, akalihifadhi, Excel ikazichukulia kama namba za hesabu. Tunatoa faili upya, benki inalipokea.

Wengi wangefunga tiketi hapo. Sisi tunaandika kadi ya pili, ya kinga: mfumo utume faili moja kwa moja bila kupita mikononi mwa mtu. Kadi za namna hii ndizo hupotea kwanza kazi zikizidi, kwa hiyo nafasi moja kati ya zile nne ni yao daima, hata mwezi Juni.

Saa 11:00. Mteja wa ripoti ya madeni amejaribu, amekubali. Kadi inatoka, ya mama mhasibu inasogea hadi ya pili.