Mboga za wapangaji

Shangazi aliondoka Jumamosi na mpaka leo bado ninamjibu. Ninaosha vyombo huku ninamjibu. Niko kaunta nahesabu vidonge, mteja anangoja chenji, na mimi ninamjibu. Kila jibu linalonijia sasa ni zuri kuliko lile nililompa siku ile, maana siku ile nilisema "Ndiyo, Shangazi" na kunyamaza.

Alikuja kwa ajili ya macho. Presha ya jicho imepimwa, amepewa dawa ya matone ya kila usiku na tarehe ya kurudi. Wiki hiyo hiyo tulimzika mjomba wa Baba Watoto kule Rongai, na kazini nikahamishiwa tawi la karibu na stendi. Hayo nitayaandika nikipata nafasi.

Lililonikaa ni la asubuhi ya Alhamisi. Shangazi alikuwa ameshaswali, akatoka balkoni amejitanda leso mbili, kwa sababu baridi ya Nakuru humwingia mtu wa Mumias mpaka kwenye mifupa. Sisi tuko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Nikamwona ameshika jani la sukuma kwa vidole viwili, akaligeuza kuangalia mgongoni kwake kama kuna vidukari. Hakukuwa na hata mmoja, huwa ninawapangusa kwa maji ya sabuni. Akaliachia. Akachutama kwenye ndoo ya saga, ile mboga chungu ya kienyeji, akabonyeza udongo kwa kidole gumba, akakiangalia kile kidole. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Mwanangu, mboga zako zinaishi kama wapangaji."

"Ndiyo, Shangazi."

"Haya," akasema, akaingia ndani kunywa chai.

Yakaishia hapo. Baba Watoto alikuwa sebuleni anafunga viatu na aliyasikia yote. Anasema Shangazi alikuwa anaongea tu. Lakini Shangazi si mtu wa kuongea tu. Ni yeye aliyemwambia marehemu baba mbele ya wazee, "Kaka, umegawa shamba ukasahau kwamba una binti," kisha akanyamaza, na baba aliingia kaburini bila kumjibu. Mtu wa namna hiyo akikuambia neno moja, unalibeba.

Sasa, alikuwa anazisema mboga, au alikuwa ananisema mimi? Hapa mtaa wa Section 58 tumepanga tangu kabla ya kupata watoto. Nakuru ikawa jiji Desemba 2021, na tangu hapo kodi imeongezwa tena na tena. Kwa hiyo mtu aliyenipigania nipate shamba anaposimama katikati ya ndoo zangu na kulitaja neno hilo, mimi nisikie nini?

Usiku nilikuwa nikilala chali na kumweleza. Shangazi, ile sukuma uliyoila jana na samaki uliotuletea imetoka kwenye gunia lililo chini, pale pembeni ya ngazi. Ni gunia la mahindi la kilo 90. Nililiweka chini kwa sababu mwenye nyumba hataki mzigo wa udongo mbichi huku juu, na kwa hilo ana haki. Katikati lina nguzo ya kokoto. Unachukua mkebe uliotobolewa pande zote mbili, unausimamisha, unaujaza kokoto, unazungushia udongo, kisha unauvuta juu kidogo na kujaza tena, mpaka gunia lifike shingoni. Maji ukiyamwaga kwenye kokoto yanashuka mpaka chini na kusambaa. Bila hiyo nguzo, miche ya juu inalewa maji na ya chini inakufa kiu. Ubavuni unatoboa matundu kwa kupishana, kila tundu mche mmoja. Kule Kibera, baada ya vurugu za 2008, maelfu ya familia walianza kupata mboga zao kwa njia hii hii. Hakuna aliyewauliza hatimiliki.

Na udongo, Shangazi, udongo wa hapa ni wa majivu ya volkano, ya Menengai hiyo unayoiona pale. Ni mwepesi, ukimwaga maji yanapita moja kwa moja. Kwa hiyo ninachanganya: madebe mawili ya udongo mweusi wa Bahati, debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi, hilo ulinifundisha wewe mwenyewe. Dania niliisia mle mle kwenye beseni, kwa sababu mzizi wake huenda chini wima na haupendi kuhamishwa. Kwanza niliisugua kwa chupa kwenye sinia mpaka kila punje ikapasuka vipande viwili, nikailoweka usiku kucha. Beseni liko upande usiopigwa na jua la saa nane, maana dania ikipata joto hukimbilia kutoa maua na majani yanaisha. Watoto wa jirani wa juu hutumwa kwangu kuomba kijani kidogo cha kutia kwenye ndengu. Ninawapa. Sikumbuki mara ya mwisho kununua dania sokoni.

Hayo yote nilikuwa nayo kifuani, na mdomoni ikatoka "Ndiyo, Shangazi".

Sasa sikilizeni. Jumapili jioni nilitoka kumwagilia, nikaona saga haina vitumba hata kimoja. Alhamisi vilikuwapo, vyeupe vimeanza kuchungulia. Vyote vilikuwa vimechumwa kwa ukucha, shina kwa shina, kwa uangalifu wa mtu mwenye macho mazima, na hali macho yake ndiyo hayo tunayoyatibu. Saga ukiiacha ichanue majani huwa madogo na yanaacha kuja. Ukiikata vitumba inaendelea kuchipua. Nilikuwa nimepanga kuifanya kazi hiyo mwisho wa wiki. Ameifanya yeye, pengine alfajiri ya Jumamosi, kabla hajafunga mkoba wake. Na mnanaa ulikuwa umekatwa matawi, chini kidogo ya kifundo, kwa kisu changu cha jikoni.

Jana nikampigia.

"Shangazi, mnanaa wangu umeenda wapi?"

"Uko hapa dirishani kwenye glasi. Umeanza kutoa vizizi vyeupe, ungeviona! Nitauhamishia kwenye ndoo."

"Ndoo? Na shamba lote hilo?"

"Mnanaa hauwekwi shambani, mwanangu. Utatambaa mpaka kwenye kunde zangu, utambae mpaka kwa jirani. Huo hukaa ndooni peke yake, kama ulivyouweka wewe. Nilipouona nikasema, huyu ameelewa."

Huyu ameelewa! Nilitoka nje ya duka, nikasimama kwenye jua ili nisikie vizuri. Nikajikaza nikamuuliza lile lingine.

"Na siku ile uliposema mboga zangu zinaishi kama wapangaji?"

"Nilisema?"

"Ulisema, Shangazi. Alhamisi."

"Labda nilisema." Akakohoa. "Ile saga yako majani ya chini yalikuwa ya njano. Ina njaa. Ya shambani mzizi wake huenda kujitafutia. Ya ndooni haina pa kwenda, na wewe unamwagilia kila siku, chakula kinatokea matunduni pamoja na maji. Loweka samadi kwenye ndoo yenye mfuniko, koroga kila siku, baada ya wiki mbili uizimue kwa maji uwape. Usingoje wawe njano. Na ile chupa ya musherekha, yale maji ya majivu, niliyokuachia usiwe unaibana, mrenda bila musherekha haulainiki."

Sijui kama ndicho alichomaanisha Alhamisi. Inawezekana alimaanisha hicho, inawezekana alinimaanisha mimi, na inawezekana hakumbuki kweli. Sitamuuliza tena. Lakini jana jioni niliomba samadi kwa yule mama wa ng'ombe wa Lanet, nikailoweka, nikafunika kwa sahani ya zamani ili nzi wasiingie. Nikapika mrenda na saga pamoja kwa musherekha wake, nikamalizia kwa maziwa, na kitinda mimba wangu, ambaye huwa anasukuma saga pembeni ya sahani kwa sababu ya uchungu, aliongeza. Nimekuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimewaambia hata wenzangu wa tawi jipya, watu nisiowajua majina yote, kwamba mnanaa wangu unaota mizizi Mumias.

Ila matatu ya Baba Watoto imeanza kutoa moshi mweupe asubuhi, na si ule wa baridi, maana hauishi hata injini ikishapata moto. Maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone. Fundi anashuku gasketi ya hedi, lakini anasema mpaka injini ifunguliwe ndipo atajua kama hedi yenyewe imepinda. Ikifunguliwa gari halitoki wiki nzima, bima inaisha mwisho wa mwezi huu, na yeye kesho anataka kuipeleka Njoro hivyo hivyo.