Nilivyobadilisha tabo ya Surf uani kwangu Tanga

Gari yangu ni Hilux Surf ya dizeli, injini 1KZ-TE, lita 3.0. Ilianza kunisumbua kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto: nakanyaga mafuta, haivuti, nyuma inaacha moshi wa buluu. Nikirudi Tanga, oili imeshuka kwenye stiki.

Nilichomoa bomba la hewa, nikashika ncha ya shafti ya tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi kwenye injini) kwa vidole viwili. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Yangu ilikuwa inatoka na kurudi ndani, na mapanga ya feni yameshakwaruza ukuta wake.

Nilitaka kununua bushi za hiyo shafti tu. Fundi mmoja mzee wa Ngamiani, tunayemwita Mjomba, akanikataza. "Mpwa wangu, hicho kitu kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Bila mashine ya balansi utakiua tena. Nunua katriji nzima." Nikamsikiliza. Katriji ndiyo sehemu ya katikati ya tabo, shafti, bushi na feni zikiwa pamoja, imeshabalansiwa.

Kilichonila siku nzima ni nati za upande wa eksozi. Hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na chuma. Nilizilowesha dawa ya kutu jioni, nikalala, asubuhi nikawa nakaza kidogo ndipo nalegeza, kidogo kidogo. Hata moja haikukatika. Kabla ya kutenganisha tabo nilipiga alama kwa patasi kwenye maungio, ili mabomba ya oili na maji yarudi kwenye pembe ileile.

Halafu nikashika lile bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo. Nikapuliza kwa mdomo. Pumzi haikupita. Nikaingiza waya, ukatoka na masizi magumu kama mkaa. Hapo ndipo nilipojua tabo imekufa kwa kiu. Miaka yote nikifika Lushoto nilikuwa nazima injini papo hapo, tabo ikiwa ya moto, na oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda. Ningefunga katriji mpya na bomba lile, ingekufa vilevile. Nilinunua bomba jipya, nikasafisha na lile la kurudishia oili, gaskiti mpya, oili na filta mpya.

Kabla ya kuwasha nilimimina oili kwenye tundu la katriji huku naizungusha feni kwa kidole. Nikachomoa waya wa swichi ya kukata dizeli kwenye pampu ili injini isiwake, nikapiga stata sekunde kumi, mara tatu, oili ifike juu kwanza.

Ilipowaka ilitoa moshi mzito mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ilikuwa oili iliyobaki kwenye bomba la eksozi. Baada ya dakika ishirini hivi ukakatika.

Jumamosi nikapanda Lushoto, gari inavuta vizuri kabisa. Nilipofika niliiacha ingurume dakika mbili ndipo nikazima, nikafungua boneti, nikachomoa stiki. Oili ilikuwa palepale kwenye alama.