Sindano ya mwezi ya mdogo wangu

Leo asubuhi nimeshuka na mdogo wangu kutoka Matondoni kuja mjini Lamu kwa sindano yake ya mwezi, bahari imechafuka kidogo, na mimi njiani nikawa naukumbuka ule mwanzo, nikasema hili lazima niliandike, huenda kuna mtu ana ndugu kama wangu.

Dawa yenyewe ni ya ugonjwa wa akili, flufenazini dekanoeti, wengi wanaijua kwa Modecate. Yeye anadungwa miligramu 25 kila wiki 4, takoni. Imechanganywa na mafuta ya simsim ndio maana inatoka pole pole kwenye nyama wiki kadhaa, na ndiyo inayomfaa yeye, manake vidonge vya kila siku alikuwa akivificha chini ya mkeka. Kwa hivyo kama mgonjwa wenu akila simsim anavimba au anawashwa, semeni kabla, msingoje kuulizwa.

Sasa siku ya pili baada ya ile 25 ya kwanza, tumekaa barazani magharibi imeshapita, naona shingo yake inavutwa kuelekea bega la kushoto, macho yamepanda juu hayashuki, mate yanamtoka, anataka kuniita dada na ulimi umejaa mdomoni. Majirani washasema jini, mmoja keshaenda kutafuta kombe. Mimi dua siikatai hata siku moja, lakini usiku ule tulimpakia kwenye boti. Nesi alimtazama tu akasema ni dawa imembana misuli, akamdunga nyingine ya kulegeza, haukupita muda mrefu shingo ikarudi, akalala. Baadaye akaandikiwa na vidonge vya benzeksoli, vya kuzuia misuli isibanwe tena. Hakuna aliyetuambia mapema kuwa hilo laweza kutokea, na mpaka leo linaniuma, manake mtoto wa watu alijua anakufa.

Na dawa hii ikishaingia haitolewi, si kidonge useme kesho simpi, kwa hivyo zile siku za mwanzo mwangalieni sana. Akiwa hatulii, anatembea tu huku na huku, miguu haimkai, msikimbilie kusema wazimu umerudi, yaweza kuwa ni dawa, mrudisheni wampunguzie. Lakini homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho na maneno hayaeleweki, hapo msilale, ni hospitali usiku huo huo, na mwambieni daktari alidungwa nini na lini.

Mimi nina daftari, naandika tarehe, dozi na upande. Pale alipodungwa hatupasugui. Wakati wa kaskazi namfuata na maji kule anakotia kalafati majahazi, dawa hizi zinaufanya mwili usipoe vizuri kwenye joto.

Leo nesi kashika sindano, kabla sijafungua daftari yeye mwenyewe kasema, "ya mwisho ilikuwa kulia."